Ubavu wa Bibi Kandida

Meneja alikataa mara ya tatu, na safari hii hakujisumbua kutoa sababu ndefu. Kioo kiliandika maneno manne tu: *Haiwezekani. Hawa wamelala pamoja.*

Renatus akasukuma kiti nyuma. "Shangazi, huyu Meneja wenu ana kiburi."

"Hana kiburi, ana kumbukumbu," Gaudensia akamjibu bila kugeuka. Alikuwa na kitambaa mkononi, akifuta vumbi la kinywe kwenye rafu za diski, vumbi lile jeusi la mgodini lililoingia Lihanje kila mahali, kwenye ugali, kwenye shuka za watoto wachanga, kwenye altare. "Ninyi watu wa Kampuni ndio mnaoona mwenye kumbukumbu ana kiburi."

"Mimi si mtu wa Kampuni. Mimi ni mtu wa hapa niliyeajiriwa na Kampuni."

"Ehe. Na kupe naye ni ndugu wa ng'ombe aliyepata kazi."

Kijana akacheka, kisha akajuta kucheka. Alikuwa amezaliwa nyumba ya nne kutoka hapo, na bibi yake, Apolonia, alikuwa ndani ya rafu hizo hizo alizokuwa akizitazama.

Jengo lile zamani lilikuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipofilisiwa na wale waliotumwa kuulinda, likabaki na popo. Watu wa Lihanje wakawafukuza popo, wakaweka paneli za sola juu ya bati na rafu za diski chini yake, wakaliita Nyumba ya Sauti. Mtu akifa, kabla hajazikwa alivishwa kofia ya nyaya, na kile kilichokuwa kimesalia kichwani, sauti yake, utani wake, madeni yake ya maneno, kikahamia humo. Kila marehemu alikuwa na hifadhi yake. Hifadhi ililala juu ya diski kadhaa, na diski zote pamoja zikawa kundi moja, Kundi la Lihanje. Programu iliyotunza kundi zima, iliyojua nani kalala wapi na nani asiguswe, wakaiita Meneja, kwa kuwa ndiye meneja pekee waliyepata kumwona asiyekula rushwa.

Mahali pengine kila mfu alipewa diski yake, kama chumba cha hoteli. Lihanje walikataa. Siku ya maziko jirani alisimama mbele ya Meneja akasema, "Upande wetu tunatoa ubavu," na diski ya mfu wake ikapokea kipande cha mfu mpya. Mwingine akasema vivyo hivyo, na mwingine. Hivyo hakuna aliyelala peke yake. Uliyemnyima chumvi akiwa hai ulimlaza ubavuni mwa mama yako akifa, na ugomvi ukaishia hapo.

Sasa desturi hiyo ndiyo iliyokuwa imewabana koo.

"Nieleze tena," Gaudensia akasema. "Polepole, kama unamweleza mtu mjinga."

"Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii."

"Ndiyo maana nataka nisikie kama bado unaijua."

Renatus akavuta pumzi. "Ijumaa mtambo unachimba hapa. Kinywe kiko chini ya sakafu hii. Mji Mpya kuna kundi jingine, Kampuni imelijenga, na inawapokea marehemu wote wa Lihanje. Wote, isipokuwa wale wachimbaji kumi na saba waliofukiwa Shimo la Nne."

"Kwa sababu?"

"Wanasema hao ni mali ya uchunguzi, na uchunguzi umefungwa."

"Endelea."

"Kuwahamisha ni kuzisimamisha hifadhi, kuzitoa diski kwenye kundi hili, kuzipakia lori, kuziingiza kwenye kundi la kule. Lakini Meneja hakubali diski itoke ikiwa imebeba kipande cha mtu anayebaki. Na kumi na saba wamelala kwenye ubavu wa karibu kila mtu." Akaonyesha rafu ya chini. "Njia ipo. Tuna diski chache tupu. Tunawasogeza walioruhusiwa, kipande kwa kipande, mpaka wawe peke yao upande mmoja na kumi na saba peke yao upande wa pili. Hapo Meneja atakubali."

"Na tusipofanya?"

"Mtambo utakuja vilevile."

Kunakili hakukuwapo. Sauti ya mtu ilikuwa moja. Mahali pengine walishajaribu kutengeneza nakala. Sauti mbili za mtu mmoja zikasikiana, zikaulizana wewe nani, zikanyamaza zote mbili hadi leo.

Gaudensia akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya rafu ya tano. Rafu ya tano ndiko kilikolala kipande kikubwa cha Fidelis, mwanawe, wa kumi na saba kati ya kumi na saba.

*

Walikutana uani, kati ya magodoro yaliyofungwa kamba na kuku waliofungwa miguu. Padri alikuwa ameshahamishwa wiki iliyotangulia, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuwaambia watu washushe sauti.

"Mimi nasema watenganishwe," Kasiani mchinjaji alisema. Alikuwa mtu mnene, na jasho lilimtoka ingawa mlima ulikuwa na baridi. "Nasema waziwazi, mnichukie. Kumi na saba ni kumi na saba. Humo ndani kuna zaidi ya watu mia mbili. Mke wangu azikwe mara ya pili kwa ajili ya watoto wa wenzangu?"

"Mkeo alikufa lini, Kasiani?" Aliyeuliza ni Desideria, mjane wa Matei, mmoja wa wale wa Shimo la Nne. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliowatisha watu.

"Unajua alikufa lini."

"Masika yaliyofuata baada ya shimo. Nani alitoa ubavu wa kwanza?"

Kasiani akatazama chini.

"Nakuuliza. Ulisimama pale unalia kama mtoto, watu bado wana kinyongo na wewe kwa mizani yako ile ya nyama, kimya kimeshika ghala zima. Nani alisema upande wetu tunatoa?"

"Wewe."

"Mkeo amelala juu ya Matei wangu. Haya, kamtoe."

Kuku mmoja akapiga mbawa. Kisha Kasiani akakaa juu ya godoro lake akafunika uso kwa mikono yote miwili, na Desideria, ambaye dakika iliyopita angeweza kumchinja, akaenda akakaa karibu naye.

"Sikatai watenganishwe," Desideria akasema, sauti imemwisha nguvu. "Nani atakataa? Nilitaka tu itoke kinywani mwako ni nini tunachokifanya."

Watu wote wakamtazama Gaudensia. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Yeye ndiye mama. Angesema hapana, wangemwelewa, na wangempoteza kila mtu. Angesema ndiyo, wangemshukuru, na wangeshindwa kumtazama usoni mpaka wafe.

"Nipeni mpaka kesho," alisema.

*

Mama yake, Kandida, hakuwa amesema neno kwa miaka sita.

Alikuwa wa kwanza kulazwa katika Nyumba ya Sauti, wakati nafasi ilikuwa tele, kwa hiyo hifadhi yake ilikuwa kubwa kama ya watu watatu. Akiwa hai aliitwa Mama Mgomo. Hakusoma, ila aliijua sheria ya ardhi kwa moyo kama wengine wanavyoijua rozari, na ni yeye aliyekwenda Dodoma mara ngapi sijui, akalala stendi, mpaka wakaiandika ile sheria ya sauti, labda ili tu waondokane naye: sauti ikishataja jina lake mbele ya watu ndani ya kundi, ni mkazi wa hapo, haitolewi ila kwa hukumu ya mahakama. Alipokufa aliendelea kufoka kutoka kwenye spika kama kawaida. Kisha Shimo la Nne likaanguka. Siku uchunguzi uliposomwa, kwamba wachimbaji walishuka kwa uzembe wao bila ruhusa ya yeyote, Kandida alitema tusi moja la Kipogoro akasusa. Tangu hapo hifadhi yake ilikaa kimya, na Kampuni ikamwandika miongoni mwa walioruhusiwa. Mfu asiyesema ni mfu mzuri.

Gaudensia akafungua spika. "Tumsifu Yesu Kristo, mama."

Feni za rafu zilizunguka tu.

"Sikuja kukubembeleza. Nimekuja kukueleza, nikimaliza unyamaze kwa raha zako." Akaeleza: Ijumaa, mtambo, kumi na saba, diski tupu. Fidelis alimtaja mwisho.

"Umezeeka," spika ikasema.

Gaudensia akashika ukingo wa rafu.

"Nakusikia unavyohema. Zamani ulikuwa unahema kama mbuzi, sasa unahema kama mimi. Kaa chini."

Akakaa chini, sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, magoti pamoja kama mtoto wa shule.

"Babu yangu mimi alibebeshwa mizigo ya vita vya wazungu," Kandida akasema. "Vita si vyake, mizigo si yake. Walikufa njiani yeye na wenzake, na wakubwa wakajua mpaka risasi iliyopotea, lakini mpagazi aliyepotea hawakumjua jina. Nimelibeba hilo tangu nikiwa tumboni. Halafu wakaja kuniambia wajukuu zangu kumi na saba walishuka kwa uzembe. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiri."

"Miaka sita?"

"Mimi si mwepesi. Hifadhi yangu ina nafasi gani?"

"Kubwa. Kwa nini?"

"Nitoeni humo, muweke kitu kingine. Jina langu limeruhusiwa. Kundi la kule litasoma jina, halitasoma mtu."

Gaudensia alielewa mara moja, na moyo ukamruka kwa furaha ya aibu. "Fidelis anaenea. Mzima. Anaenea, mama."

"Anaenea," Kandida alikubali. "Au saa ya mwisho ya wote kumi na saba."

Kofia za kazi ndizo zilizowahifadhi vijana wale. Kampuni iliwavisha kofia za nyaya ili ijue nani anapumzika bila ruhusa; haikufikiri kwamba kofia isiyolala haisahau pia. Saa ile ya mwisho ilikuwa humo, neno kwa neno, na redio ya msimamizi ikisema kutoka juu. Uchunguzi haukukubali kuisikiliza.

"Kampuni haitazuia wanapoingizwa?"

"Kule watawaita majina mbele ya watu, wapige makofi, wapige picha. Sivyo? Wanapenda picha." Sauti ya kikongwe ilikaribia kucheka. "Wewe umeisikia ile saa. Mle gizani vijana walifanya nini?"

Gaudensia aliikumbuka. Alifumba macho.

"Waliitana majina," alisema.

"Wote kumi na saba. Haya. Sikuchagulii. Ni mwanao."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mkiwakata saa yao, patabaki mapengo. Waulize kama watanipa ubavu."

*

Fidelis alikuwa na miaka ishirini na mbili tangu muda mrefu.

"Mama, leo umechelewa," alisema spika ilipofunguka. "Au siku hizi una mchumba?"

"Nani anitake mimi na vumbi hili."

"Kasiani. Mnene vile, anahitaji mtu wa kumpepea."

Kijana akacheka, mama naye akacheka, halafu mama akasubiri, kwa sababu alijua ombi linakuja. Lilikuja kila siku. Kila siku kijana aliomba kitu kimoja, na kila siku mama yake alimnyima.

"Mama, niondolee ile saa. Ninaisikia hata unapoongea. Niondolee."

Hata siku moja hakuthubutu. Saa ile ndiyo ushahidi, alijiambia, siku moja watu watakuja kuusikiliza. Hivyo alimwacha mwanawe chini ya mwamba mwaka baada ya mwaka, akisubiri watu waje.

"Leo naweza kukuondolea," alisema.

Akamweleza. Hakumficha chochote, maana Fidelis hakuwahi kudanganyika hata alipokuwa mdogo. Alimwambia kuwa wakiikata saa ile na kuipeleka Mji Mpya, yeye atabaki hapa na yote yaliyokuwa kabla yake: utoto, mpira, nyimbo za kwaya, asubuhi ile alipofunga viatu. Hatajua kwamba amekufa. Hatajua kuhusu mtambo.

"Nitakuwa nani?"

"Kijana anayejiandaa kwenda zamu."

"Si vibaya." Akafikiri. "Bibi ana nafasi kubwa. Mimi siingii mle? Mzima?"

Ndilo swali aliloliogopa. "Unaingia."

"Na wenzangu?"

"Wangebaki. Na saa yao, waisikie mpaka Ijumaa."

Feni zikazunguka. Gaudensia aliweka kiganja kwenye diski ya rafu ya tano. Ilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa ndogo.

"Matei alinishika mkono kule chini," Fidelis alisema. "Hakuniachia mpaka wa kwake ulipokuwa baridi. Mama, chukua saa. Mimi uniache na wenzangu. Lakini waulize wote, mmoja mmoja. Usimkate mtu bila kumuuliza, hata kama ni Beno, yule aliyekuibia kuku."

Akawauliza. Wengine walikubali haraka, kwa pumzi ya mtu anayetuliwa tofali kifuani. Mmoja alitukana kwanza. Beno aliomba msamaha wa kuku. Na wote, alipowauliza kama watampa Bibi Kandida ubavu, walisema jibu lile lile la maziko, upande wetu tunatoa, kana kwamba ni wao walio hai na yeye ndiye mgeni.

*

Alipokaa mbele ya Meneja hakuwa na mtu karibu. Kwanza aliandika amri ambayo hakuwa amemwambia mtu: *Hamisha Fidelis, mzima, aingie hifadhi ya Kandida.*

Meneja, aliyekuwa amekataa kila kitu tangu Jumatatu, akajibu neno moja. *Inawezekana.*

Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyasoma. Alilitazama mpaka herufi zikaanza kucheza. Mtoto wake kwenye spika ya Mji Mpya, akimtania asubuhi na jioni mpaka yeye mwenyewe azeeke alazwe karibu naye. Nani angemlaumu? Na Desideria angejuaje? Desideria asingejua kamwe. Angemletea mboga jioni na kukaa naye, na spika ingeongea kwa sauti ya mmoja tu.

Akafuta. Akaandika upya, taratibu, jina baada ya jina.

Kazi ilikwenda kimya. Meneja alisimamisha hifadhi moja, akakata, akasogeza, akapima pengo, akaleta kipande cha kikongwe akakilaza pale. Mahali penye kifo cha Matei ukalala utoto wa Kandida. Mahali pa kifo cha Beno zikalala safari za Dodoma. Kwa Fidelis Meneja aliuliza kama alivyouliza kwa wengine: *Una hakika?* Gaudensia akabonyeza.

Kisha, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa upande wake, Meneja akaandika: *Kundi linaweza kugawanywa.*

Renatus alikuja kukagua kabla ya diski kupakiwa. Alipita rafu kwa rafu, akafika kwa Kandida, akasimama.

"Shangazi. Bibi huyu alikuwa amesusa. Hapa panaonyesha kuna sauti, na imejaa."

"Amepata la kusema."

Kijana alitazama kioo, kisha rafu ya tano, kisha yeye. Hakuwa mjinga, Gaudensia hakuwahi kufundisha wajinga.

"Nikiwaambia watafunga mlango wa kule," alisema polepole. "Hawatampokea yeyote. Na bibi yangu Apolonia."

"Ndiyo."

"Wakigundua wenyewe kabla hawajaitwa majina, vilevile."

"Ndiyo, Renatus."

"Hukuwa na haki ya kuwaweka watu mia mbili kwenye hatari hiyo bila kuwauliza."

"Sikuwa nayo," alisema, na alimaanisha. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, na lingemkosesha miaka yote iliyobaki. "Wafu niliwauliza. Walio hai niliogopa kuwauliza."

Renatus akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akakaa, akaiandika amri ya kulitoa kundi. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu.

"Ulisema mimi ni kupe," alisema.

"Nilikuwa na hasira."

"Basi uifute hiyo kauli." Akabonyeza.

*

Malori yasiyo na dereva yalikuwa yakiunguruma nje Gaudensia aliporudi mara ya mwisho kwenye rafu ya tano. Spika ilikuwa tayari inaongea. Kandida alikuwa katikati ya kisa cha askari aliyemkimbia akasahau kofia, na vijana kumi na saba walikuwa wakicheka kama watu walio kwenye benchi wakisubiri gari la mgodi.

"Mama!" Fidelis akasema. Gaudensia alikuwa ameisahau sauti hiyo. Alidhani anaikumbuka, kumbe miaka yote alikuwa akisikia sauti yenye jiwe juu yake. Hii ilikuwa nyepesi, ya mtu asiyejua lolote. "Mama, bibi yuko hapa anatuvunja mbavu. Mbona sijamsikia siku nyingi?"

"Alikuwa amechoka."

"Umeona viatu vyangu? Zamu inakaribia."

"Viko mlangoni. Nimekufutia."

"Asante. Na hizo kelele za magari?"

Kandida alikatisha kisa chake, lakini hakumsaidia bintiye. Jambo hilo lilikuwa lake.

"Watu wanahamia Mji Mpya," Gaudensia alisema. "Natangulia kupeleka vyombo."

"Na mimi?"

"Utanikuta huko. Zamu ikiisha."

"Unipikie kisamvu, basi. Cha nazi, usiniletee kile cha maji."

"Cha nazi."

"Nenda mama, utaachwa na gari."

Akatoka. Mlango wa ghala aliurudishia tu. Hakuufunga kwa ufunguo, ingawa hakuna aliyekuwa anaweza kutoka.

*

Ukumbi wa Mji Mpya ulinuka rangi. Wageni wa Kampuni walikaa mbele na chupa za maji, watu wa Lihanje nyuma yao wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Gaudensia alikaa kati ya Desideria na Kasiani. Kwenye meza ya mitambo Renatus aliandika amri ya kuingiza, na kundi jipya likapokea diski, likaanza kuita.

"Apolonia."

"Nipo! Mbona kunanuka hivi?" Watu wakacheka, wengine wakalia. Renatus aliinamisha kichwa.

Waliitwa wakaitika. Mke wa Kasiani akaitika, na mchinjaji akashika mkono wa Desideria bila kujua ameushika wa nani. Kamera zilikuwa zikipiga.

"Kandida."

Kwanza kulikuwa na maji, yakidondoka mahali penye mwangwi. Halafu pumzi za watu wengi. Halafu redio, safi kabisa, sauti ya mtu aliyekunywa chai yake: *Hakuna kupanda mpaka toroli zijae. Ving'ora nimevizima mimi, msijitie woga.* Halafu sauti ambayo kila mmoja wa Lihanje alijua ni ya nini, na mtu mmoja wa safu ya mbele akaruka kutoka kitini akipiga kelele zimeni, zimeni hiyo. Renatus aliinua mikono yake yote miwili kutoka mezani, akaiweka kichwani, watu waione.

Gizani mle kijana mmoja alikohoa. *Tuitane,* alisema. *Kila mtu aseme jina lake kwa nguvu, tujue tuko wangapi.*

*Matei wa Desideria.*

Desideria akasimama. Hakupiga yowe. Alisimama tu, wima.

*Beno wa Ludovika.* Upande wa kulia mtu akasimama. Majina yalikuja, moja baada ya jingine, mbele ya watu, ndani ya kundi, na kwa kila jina mtu alisimama, na alipokosekana wa ukoo alisimama jirani. Kasiani alisimama kwa mvulana asiyekuwa na ndugu aliyebaki. Wageni wa mbele walikuwa wakinong'onezana na mwanasheria wao, na mwanasheria alikuwa akitikisa kichwa polepole, kwamba kwa ile sheria ya sauti haiwezekani tena kuwatoa.

Gaudensia alijua la mwisho ni lipi. Alikuwa amesimama tayari.

*Fidelis wa Gaudensia. Tuko kumi na saba.* Kikohozi. Sauti yenye jiwe juu yake. *Mama, kama unanisikia…*

Hapo saa ilikuwa imekwisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa imekwisha siku zote, na kila alipoisikiliza peke yake ghalani alijibu, akajua anajibu ukuta.

"Nakusikia," alisema sasa, kwa sauti ya ukumbi mzima.

Nje jua la Ijumaa lilikuwa la mchana, saa ambayo mtambo ungefika kuchimba. Mlimani, kwenye ghala lenye mlango uliorudishiwa, kijana mwepesi alikuwa akifunga viatu vilivyofutwa, akimsikiliza bibi yake, akingoja zamu yake iishe ale kisamvu cha nazi.